Nobu Moja Inatosha

Haya, leo hakuna PHP. Wale mliokuja kusoma sehemu ya tatu ya somo la hifadhidata mniwie radhi, itakuja. Leo nataka kuandika kuhusu shokabsoba, au shoki kama tunavyosema gereji, kwa sababu ndani ya wiki mbili watu watatu wameniuliza swali lile lile: nina Subaru, siku za kazi naenda nayo ofisini, Jumapili moja moja naipeleka autocross, ninunue shoki gani za kurekebishika? Nimewajibu wote kwa simu, na kila mmoja nimemwambia kitu tofauti kidogo. Kwa mtu wa kazi yangu hiyo ni aibu. Kitu kikijirudia mara tatu unakiandika mahali pamoja na kuwaelekeza watu hapo.

Jibu fupi ni hili: nunua shoki nzuri yenye nobu moja, ile inayodhibiti kunyooka tu. Achana na ya nobu mbili. Na kama bushi za gari lako zimekwisha, usinunue shoki yoyote bado. Jibu refu ndilo linalofuata, na linaanza na ujinga wangu mwenyewe.

Gari langu ni Impreza ya 2003, ile yenye strati pande zote nne. Nilipolipwa pesa za mradi mmoja wa mfumo wa stoo, sikununua kompyuta mpya kama nilivyomwahidi mke wangu. Nilinunua seti ya koilova, yaani springi na shoki pamoja, ganda lina uzi wa kushushia gari, na kila moja ina nobu mbili. Nobu ya kwanza inabadilisha jinsi shoki inavyokataa kubonyea, ya pili inabadilisha jinsi inavyokataa kunyooka, kile ambacho watu wa mashindano huita ribaundi. Kila nobu kliki 16. Muuzaji, ambaye simtaji, aliniambia kwa uso mkavu kwamba naweza kuweka gari "vile roho inapenda".

Mimi ni mtu wa programu, nilipaswa kupiga hesabu pale pale dukani. Tuseme kulia na kushoto unaweka sawa. Unabaki na nobu mbili za mbele na mbili za nyuma, kliki 16 kila moja. 16 mara 16 mara 16 mara 16 ni 65,536. Hiyo ndiyo idadi ya mipangilio niliyonunua. Siku nzuri ya autocross unapata labda mizunguko minane ya maana, na kati ya mzunguko wa kwanza na wa nane vumbi limechimbika, matairi yamepoa na kupata moto tena, na wewe mwenyewe umejifunza njia. Hata ukienda shindano kila mwezi mpaka watoto wako wapate wajukuu, hutajua kama mpangilio namba 40,212 ni bora kuliko 40,213. Faili la mipangilio lenye vigezo 65,536 ambavyo hakuna anayeweza kuvijaribu halimpi mtumiaji uhuru wowote. Linampa njia nyingi zaidi za kukosea.

Na nilikosea. Jumapili moja nilikaza kila kitu karibu na mwisho kwa sababu gari lilikuwa linalala sana kwenye kona. Muda wangu ukapungua kidogo, nikafurahi, nikaenda nyumbani nimechoka bila kurudisha nobu. Jumatatu asubuhi mvua ilikuwa inanyesha na binti yangu alikuwa kiti cha nyuma. Kwenye barabara ya kwenda shuleni kwake kuna ile mistari ya kukuamsha kabla ya tuta kubwa. Nilikanyaga breki juu ya mistari kama ninavyofanya kila siku. ABS ikaanza kunguruma na gari halikupunguza mwendo. Tulipanda tuta kama mashua na kusimama kando ya mama mmoja aliyekuwa amebeba ndizi kichwani. Kando kabisa. Hakusema neno, alinitazama tu. Binti yangu akauliza, "Baba, mbona gari linaruka?"

Lilikuwa linaruka kweli. Tairi husimamisha gari pale tu linapogusa lami, na shoki zangu zilikuwa zinalizuia kurudi chini. Piga hesabu kidogo nami. Kilomita 40 kwa saa ni kama mita 11 kwa sekunde. Mistari ikiwa na nafasi ya mita 1, inakugonga mara 11 kwa sekunde. Gurudumu likipandishwa na mstari lina chini ya sehemu ya kumi ya sekunde kushuka tena kabla ya mstari unaofuata, na kazi ya kulisukuma chini ni ya springi. Shoki iliyokazwa sana upande wa kunyooka inaishikilia springi isinyooke. Gurudumu linabaki juu, mstari wa pili unalipandisha zaidi, wa tatu zaidi, na gari zima linazidi kushuka mpaka linakalia zile raba za kikomo ndani ya strati. Hapo huna tena saspensheni, una mkokoteni. Ukichanganya na mvua na breki, unapata mama mwenye ndizi.

Kwa hiyo ninapoandika hapa kwamba nobu moja inatosha, sisemi kwa sababu ya ubahili.

Turudi nyuma kidogo, maana nimegundua watu wengi hawajui shoki inafanya nini. Shoki haibebi gari. Springi ndiyo inayobeba. Shoki inakula mwendo: pistoni inasukuma oili kupitia vali nyembamba, mwendo unageuka kuwa joto, basi. Ukiiondoa gari halishuki, ila litadunda kama godoro la zamani. Na kwenye kona ndefu, ambapo gari limekwisha lala na kutulia, shoki haina la kusema: kiasi cha uzito uliohamia magurudumu ya nje kinaamuliwa na springi, stebilaiza, upana wa gari na kimo cha uzito wake. Shoki inaamua uzito huo unafika kwa haraka gani. Ndiyo maana mtu ambaye gari lake linakataa kuingia kona ndefu akinunua shoki kuponya ugonjwa huo anatupa pesa. Aangalie matairi, presha na stebilaiza kwanza. Lakini autocross karibu yote ni kuingia na kutoka, kulia, kushoto, kulia tena, gari halitulii hata sekunde mbili. Huko shoki ina neno kubwa, na ndiyo sababu swali lenyewe si la kipuuzi.

Sasa hesabu moja ambayo ningependa kila mwenye koilova aifanye kwenye karatasi. Chukua kona moja ya gari yenye kilo 280 juu ya springi, na springi yenye nguvu ya Nyutoni 25 kwa kila milimita ukiipima kwenye gurudumu. Kona hiyo hudunda kwa asili yake mara 1.5 kwa sekunde. Kiasi cha ukinzani kinachohitajika ili isidunde hata mara moja, irudi tu na kutulia, ni karibu Nyutoni 5,290 kwa kila mita kwa sekunde. Magari ya kawaida hutumia kama asilimia 20 hadi 40 ya kiasi hicho ili yawe laini, na gari la mashindano kwenye mwendo wa polepole wa shoki linaweza kufika asilimia 60 au 70. Haya, weka springi ngumu maradufu, Nyutoni 50. Kiasi kile sasa ni karibu 7,480. Maana yake shoki iliyokuwa inakupa asilimia 30 inakupa kama 21, na gari ulilolifanya gumu linaanza kuyumba kuliko la kiwandani. Wengi wanaobadilisha springi tu na kuacha shoki za zamani wamekutana na jambo hili bila kulijua jina.

Hapo ndipo nobu ya kunyooka inapopata maana yake halisi. Ni ya kuoanisha shoki na springi uliyonayo, na kufidia shoki inavyochoka mwaka baada ya mwaka. Kubonyea kunasaidiwa na springi yenyewe, ambayo tayari inasukuma dhidi ya gurudumu linalopanda. Kunyooka hakuna msaidizi, springi ndiyo inayosukuma na shoki peke yake ndiyo breki. Kwa hiyo ukiwa na nobu moja tu, hiyo ndiyo ya kuwa nayo. Koni za manjano zimefanya hivyo miaka mingi: kubonyea kumewekwa kiwandani, wewe unashika kunyooka. Kwa strati nyingi huja kama moyo unaotumbukizwa ndani ya ganda la strati ya zamani, ambalo lazima likatwe juu na kutobolewa chini, kwa hiyo tafuta fundi asiyetetemeka mikono.

Najua atakuja mtu kuniambia Wamarekani wanatumia nobu mbili na wanashinda. Ni kweli wanatumia. Sports Car Club of America, ambao autocross yao wanaiita Solo, katika madaraja yao ya magari ya barabarani wanakuruhusu kubadilisha shoki mradi kila moja isizidi vidhibiti viwili vya nje. Lakini tazama wanashindana wapi. Ni kwenye lami, uwanja mpana wa kuegesha magari au uwanja wa ndege, gari moja moja, wakizunguka koni za plastiki (si Koni ya shoki, ni hivi vyombo vya rangi ya machungwa), na ukiangusha koni unaongezwa sekunde 2. Lami ile ina mawimbi madogo, haina mashimo. Na mwenye shoki za nobu mbili huko anaweza kuzipeleka kupimwa kwenye mashine inayochora nguvu dhidi ya mwendo, akajua kila kliki inafanya nini hasa. Mara nyingi mashine hiyo inaonyesha jambo la kuchekesha: ukigusa nobu ya kunyooka, kubonyea nako kunabadilika kidogo, na shoki mbili za boksi moja hazifanani.

Kwetu autocross ni udongo. Mashindano ya taifa yaliyo chini ya Kenya Motor Sports Federation yanakimbiwa kwenye vumbi, tangu watoto wa daraja la Bambino hadi bagi zenye injini za kutisha. Kwenye udongo unataka gurudumu lishuke haraka kwenye kila kishimo, unataka nafasi ndefu ya saspensheni, na unataka gari lihame uzito kiasi fulani ili matairi yachimbe. Ukifuata maandishi ya Wamarekani na kushusha gari milimita 40 na kukaza kunyooka, umetengeneza gari la uwanja wa kuegesha wa huko kwao. Vumbini litaruka, na barabarani litakwaruza tumbo kwenye kila tuta la mtaani, nayo matuta yetu unayajua. Gari likishushwa hivyo linakaa karibu na raba za kikomo muda wote, na ukishakalia raba, nobu unaweza kuizungusha mpaka jioni.

Kuna jambo jingine ambalo halimo kwenye vitabu vyao, na hilo ni mawe. Shoki ya bomba moja, yenye gesi nyuma ya pistoni inayoelea, ni chombo kizuri sana. Inapoza vizuri na oili haifanyi povu kirahisi. Lakini pistoni inateleza moja kwa moja ndani ya ganda la nje. Jiwe likibonyeza ganda lile, pistoni inakwama au kuchubuka, na kazi imekwisha. Shoki ya mabomba mawili ina ganda la nje linalopokea jiwe na bomba la ndani linaendelea na kazi yake. Kama unapita murramu kila wiki, hili ni jambo la kuuliza kabla ya kuuliza idadi ya kliki. Strati nyingi za Bilstein zimekwepa tatizo kwa kugeuza bomba juu chini na kulificha ndani ya ganda nene la strati, na ndiyo maana nisingemlaumu mtu anayechukua Bilstein isiyo na nobu hata moja na kuishi kwa amani. Halafu vumbi: shoki bila kifuniko cha raba kwenye fito itakula oili sili msimu mmoja. Kule kwao unairudisha kwa aliyeitengeneza ikafunguliwe na kuwekwa vali upya. Sisi tunalipia usafiri kwenda, usafiri kurudi, na kusubiri huku gari limekaa juu ya mawe.

Shoki za kutoka Japani zilizotumika, zile unazouziwa Kirinyaga Road huku muuzaji akizisukuma kwa kiganja kuonyesha "bado ngumu", sizikatai kwa mtu asiye na uwezo. Ila ujue kiganja kinasukuma polepole mno. Mwendo ule unakuonyesha tundu moja dogo la oili, haukuonyeshi vali inayofunguka gurudumu linapogonga shimo. Tazama fito kama ina mikwaruzo, tazama oili, tazama kama za gesi zinatoka zenyewe ukiziachia. Zaidi ya hapo unacheza bahati nasibu, na shoki mpya ya kawaida ya KYB inaishinda bahati nasibu hiyo.

Fundi wangu ni mzee ambaye amefanya kazi na Subaru tangu zilipoanza kujaa Nairobi. Baada ya ile asubuhi ya mvua nilimpelekea gari nikitaka anisaidie kupanga nobu. Hakuzigusa. Aliweka chuma cha kupenyezea chini ya mkono wa mbele, akausukuma, ukatembea kama jino la mtoto.

"Kijana wangu," akasema, "viungo vya hii gari vimekufa na wewe unaipaka manukato."

"Lakini Mzee, hizi nobu si zinaweza..."

"Nobu ni ya redio."

Tuliweka bushi mpya, bolijointi mbili na viungo vya stebilaiza. Kwa bei hiyo ningenunua robo tu ya koilova. Gari likawa jipya kuliko lilivyokuwa siku koilova zilipoingia, na hapo nikaelewa kwamba kliki zote nilizokuwa nabadilisha zilikuwa zinapotea ndani ya raba zilizokwisha. Ni sawa na kuboresha maswali ya hifadhidata wakati waya wa mtandao umelegea nyuma ya seva. Koilova nikaziuza kwa hasara, nikamweleza mnunuzi kila kitu, na bado akazitaka.

Sasa nina springi za kawaida, ngumu kidogo tu, na shoki za nobu moja ninayoifikia kwa kufungua boneti mbele na kuondoa plastiki ya buti nyuma. Hilo la kuifikia si dogo. Kuna shoki nzuri ambazo lazima uzitoe kwenye gari na kuzibonyeza hadi mwisho ndipo uzizungushe, na ukweli ni kwamba hutafanya hivyo Jumapili jioni ukiwa umechoka, na Jumatatu inakuja na mvua. Tein wanayo EDFC, mota ndogo zinazozungusha nobu ukiwa umekaa kwenye usukani, na nakiri kama mtu wa programu mkono uliniwasha. Lakini mtu aliyekwisha kusahau mara moja angesahau pia swichi.

Nimeweka alama tano tu za rangi kwenye kila nobu. Tano mbele, tano nyuma, jumla mipangilio 25, na kwa msimu mmoja mtu mwenye subira anaweza kuijaribu yote inayostahili. Nilianza na laini kabisa, njia ile ile, presha ile ile, nikapandisha alama moja ya nyuma tu mpaka gari likaacha kuyumba mara ya pili baada ya tuta. Kisha mbele. Nabadilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja na kukiandika. Nina faili la maandishi lenye tarehe, presha, alama ya mbele, alama ya nyuma, muda wa mzunguko, na safu ya mwisho inayoitwa malalamiko. Safu hiyo imenifundisha kuliko ile ya muda. Siku moja nilikuwa na haraka kwa nusu sekunde, na chini ya malalamiko nimeandika "naogopa". Nilirudisha alama moja.

Sasa vumbini naendesha alama ya 2 mbele na 2 nyuma. Barabarani ni 2 na 2 vilevile, kwa sababu nimegundua tofauti kati ya 2 na 3 kwenye udongo ni ndogo kuliko tofauti kati ya mimi niliyelala vizuri na mimi niliyekesha nikitafuta hitilafu ya mteja. Bushi za nyuma zimeanza tena kulia, kwa hiyo Jumamosi naenda kwa Mzee. Atakayetaka kuona lile faili aniandikie, nitamtumia, ila safu ya malalamiko nimeifuta majina ya madereva wengine.